Siku Dawa Yangu ya Tangawizi Ilipomvua Maalim Kofia

Leo nimeadhirika.

Sikuadhirika kidogo, wenzangu. Nimeadhirika siku ya Ijumaa, mchana kweupe, dukani kwa Mzee Kassim, wanaume wametoka msikitini na kanzu zao zimepigwa pasi. Wekeni chini ukili wa mikeka yenu niwaeleze mwenyewe, kabla hamjaletewa habari iliyotiwa chumvi. (Ingawa hii haihitaji chumvi. Imekolea.)

Na kabla sijaanza, nisikilizeni vizuri: dawa yangu ni nzuri. Asiyekubali ainuke sasa aende kwao.

Nyote mwaijua. Dawa ya kusukutua. Tangawizi, karafuu, chumvi na maji ya kisima, vinachemshwa mpaka nyumba nzima inanukia kama kuna harusi. Mama aliniachia dawa hiyo, Mungu amrehemu, nami nimeiheshimu. Wavuvi wanaotafuna tumbaku wamekuja kwangu. Mabibi harusi wameletwa kwangu na somo zao wanaowafunda. Yupo mzee mmoja wa Diani, jina silitaji, mkewe alikuwa akimtengea chakula chumba cha pili kwa ajili ya kinywa chake. Leo wanakula sahani moja. Kazi ya nani hiyo? Yangu.

Lakini nilichoka kubishiwa hodi kila saa. Nilitaka dawa yangu iingie dukani, ikae rafuni kati ya sabuni na mafuta ya nywele, mtu wa Lunga Lunga aikute, mtu wa Waa aikute, hata wasionijua waseme, “Hii ni ya Bi Mwanasiti wa Msambweni.” Ndipo nilipomwendea Mzee Kassim, mwenye duka lile la mabati kwenye njia ya kushukia pwani.

Mzee Kassim ni mtu wa tahadhari. Mtu anayenusa chumvi kabla hajainunua.

“Bi Mwanasiti,” akaniambia, “kitu cha maji na mizizi kitakaaje humu? Humu ndani ni tanuri. Hata biskuti zalainika.”

“Dawa yangu haiharibiki.”

“Haiharibiki kabisa?”

“Mzee Kassim, utazeeka wewe, itabaki yenyewe.”

(Naam. Ndivyo nilivyomwambia. Mbele ya watu.)

Tukapatana. Nimletee chupa chache, zikae rafuni mpaka mwezi mwingine uandame. Zikibaki nzima, atachukua dawa yangu siku zote, na atawapelekea jamaa zake wenye maduka mpaka Likoni. Zikiharibika, nisimfikie tena na habari za mizizi. Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa ya kuzitazama.

Sasa hapa ndipo anapoingia Mama Saidi. Usijifiche nyuma ya mkeka, Mama Saidi, twakuona! Si wewe uliyeniambia dawa yangu yachoma? Si wewe uliyesema Saidi akiiona chupa yangu hupanda mnazi na kukataa kushuka? Maneno yako yakaniingia. Nikasema, chupa za dukani zitakuwa tofauti. Nitazitia utamu, hata mtoto asukutue akitabasamu.

Basi nikatengeneza mpya. Sikuichemsha. Nilijiambia moto unaua nguvu ya tangawizi. (Mama yangu aliichemsha maisha yake yote, na mama yake kabla yake, lakini mimi nilikuwa nimegundua jambo.) Nikaitwanga mbichi kinuni, nikaikamua kwa kitambaa, nikatia maji. Nikatia sukari guru, bonge zima, mpaka ikawa na rangi ya dhahabu. Karafuu nikazipunguza. Chumvi nikaiacha kabisa, maana niliona chumvi na sukari zitagombana.

Nikaonja. Wenzangu! Nilijisifu peke yangu pale jikoni mpaka mume wangu Omari akauliza nazungumza na nani.

Nikaitia kwenye chupa za soda nilizozisugua kwa majivu. Nikavishindilia vizibo kwa mpini wa mchi. Juu yake nikamimina nta ya nyuki. Juu ya nta nikafunga uzi wa nyavu. Hata sisimizi angetaka kutoka mle angeomba ruhusa.

Mzee Kassim alitaka kuziweka chini, kwenye giza, nyuma ya magunia ya mchele. Nikakataa katakata. Kitu kizuri namna ile kifichwe nyuma ya mchele? Nikamwambia aziweke rafu ya juu kabisa, chini ya mabati, mkabala wa dirisha, jua lizipige zing'ae. Akazipandisha. Zikang'aa. Nikarudi nyumbani nikitembea kama mke wa liwali.

Basi tuje leo.

Asubuhi nimeamka na furaha. Nimeoga, nimejifukiza udi, nimefungua leso mpya ambayo hata mkunjo wa dukani haujatoka. Omari, mnamjua, mtu wa maneno machache, akaniangalia kutoka kitandani.

“Waenda harusini?”

“Nakwenda kushinda,” nikamjibu.

Nikangoja sala ya Ijumaa iishe, kwa sababu nilitaka watu wawepo. (Niliwataka mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.) Nikatoka. Na njiani nikakutana na nani? Mwakombo mgema! Anatoka minazini, kibuyu kiunoni, nzi wanamsindikiza.

Mwajua mimi na Mwakombo hatupikiki chungu kimoja. Ni mimi niliyekwenda kwa chifu mpaka akakatazwa kuuza tembo lake la mnazi karibu na chuo cha Kurani cha watoto. Lakini hanichukii, na hilo ndilo linaloniudhi.

“Shikamoo, Bi Mwanasiti.”

“Marahaba. Bado wauza uchafu huo?”

“Ndiyo riziki yangu, mama.”

“Riziki ya kuchacha hiyo! Mimi nakwenda kuwaonyesha watu kitu safi, kitu kisichochacha.”

“Mungu akufanikishe, mama,” akasema, tena kwa moyo safi. Nikampita pua juu.

Dukani palikuwa pamejaa. Mabenchi ya barazani hayana nafasi, wengine wameegemea nguzo, redio ya betri inaimba juu ya kaunta. Nikatoa salamu kwa sauti ya kusikika.

“Waaleikumu salaam, Bi Mwanasiti,” akasema Mzee Kassim. Uso wake haukuwa wa kawaida. “Afadhali umekuja. Chupa zako zinazungumza.”

“Zinazungumza vipi?”

“Tega sikio.”

Akaipunguza redio. Nikatega sikio. Ni kweli. Kule juu kulikuwa kunatoka sauti nyembamba, sssss, kama chatu mwenye mafua.

“Hiyo ni nguvu ya tangawizi,” nikasema.

“Na vizibo mbona vimepanda? Ulivishindilia mpaka ndani.”

“Dawa imeshiba.”

“Na hilo tope chini ya chupa?”

“Si tope. Ndiyo dawa yenyewe imetulia. Juu ni maji, chini ni dawa.”

Mzee mmoja benchini akauliza kama ni kawaida ya dawa kutoa povu shingoni. Nikamwambia lile si povu, ni jasho. Kuna joto, kila kitu kinatoka jasho, hata yeye. (Nilikuwa na jibu la kila kitu. Sijui yalikuwa yanatoka wapi.)

Mzee Kassim akakuna ndevu. Nikaona hajaridhika. Nilikuwa najiandaa kumwongeza maneno, na hapo ndipo alipoingia Maalim Rashidi.

Maalim Rashidi ndiye aliyewasomesha Kurani nusu ya watoto wetu. Mrefu, mtulivu, hacheki ovyo. Kanzu yake leo ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho. Lakini shavu moja lilikuwa limevimba kama ameficha tunda la kunazi.

Tukamwamkia. Akaitikia kwa upande mmoja wa mdomo.

“Bi Mwanasiti, nasikia una dawa ya fizi.”

“Ninayo, Maalim. Yakuuma?”

“Hainipi raha. Na leo baada ya Alasiri naozesha kule Diani. Gari linanipitia hapa hapa. Nitaifungaje ndoa ya watu nami siwezi kutamka herufi?”

Wenzangu, moyo wangu uliruka! Mteja gani mwingine ningemtaka? Duka limejaa, Mzee Kassim anasitasita, na Maalim Rashidi mwenyewe ananiomba dawa. Nilijiona nimeshaingia Likoni.

“Mzee Kassim, shusha chupa moja.”

Mzee Kassim akapanda kibao, akaishusha ile chupa akiwa ameishika kwa kitambaa, mkono ameunyoosha mbali na mwili wake, kama mtu anayetoa paka aliyekojoa ndani.

Nikaipokea. Ilikuwa ya moto. Nikaiinua juu watu waione. Nikahutubia. (Ndiyo, nilihutubia.)

“Mabwana! Chupa hii imekaa kule juu chini ya mabati tangu mwezi uliopita. Jua lote limeipiga. Haikuoza, haikubadilika. Ilivyotoka mikononi mwangu ndivyo ilivyo. Tazameni!”

Nikakata uzi. Nikabandua nta.

Kizibo sikukivuta. Kilijivuta.

PAA!

Kilimpita Maalim Rashidi utosini, kikaichukua kofia yake, kikaenda kugonga bati, kikarudi chini na kutua kwenye mizani. Kofia yenyewe ilitua juu ya debe la mafuta taa. Wazee waliokuwa barazani wote walikuwa chini. Yule aliyeniuliza habari za povu nilimwona miguu tu, kichwa kiko chini ya benchi, anasoma shahada.

Kisha likaja povu. Lilipanda likafika usawa wa uso wangu, likamwagikia kanzu ya Maalim kifuani. Mimi nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili zake hafanyi. Nikaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba. Basi lile povu likagawanyika kama maji ya bomba lililotoboka. Huku likampata Mzee Kassim. Huku likapata majora ya vitambaa. Redio ikasema “kwii” na kunyamaza.

Likapungua. Likaisha.

Mnajua nilisema nini? Nilisema, “Mnaona nguvu yake!”

Maalim aliokota kofia yake, akaipangusa, akaivaa. Yule ni mwungwana, wenzangu. Mtu mwingine angenipigia nduru.

“Bado inafaa?” akaniuliza.

“Imezidi kufaa, Maalim.”

Akatazama mlangoni kama gari limefika. Halijafika. Akashika shavu. Nafikiri maumivu ndiyo yaliyomsukuma, maana harufu alikuwa ameisikia. Akanipa kikombe. Nikammiminia kilichobaki. Akapiga bismillahi, akatia kinywani, akasukutua.

Mara ya kwanza alisukutua kama mtu. Mara ya pili macho yakamtoka. Kisha mashavu yakaanza kuumuka, lile zima kwanza, halafu lile lililovimba, kama mahamri yanavyofura kwenye mafuta. Alitaka kutema. Lakini atatema wapi? Mlango umezibwa na watu wanaoinuka kutoka sakafuni, nyuma yake magunia, mbele yake mimi. Kumeza hawezi. Akanitazama kwa macho ya kuniomba njia, nami nikadhani anataka kuniombea dua, nikaitikia amini.

Povu likamtokea puani.

“Mpisheni!” akapiga kelele Mzee Kassim.

Watu wakapisha. Maalim akatoka kwa hatua ambazo sijapata kumwona nazo, akatema mchangani, akaomba maji, akasukutua, akaomba mengine, akasukutua tena. “Astaghfirullah” niliyoisikia hapo ni ya mwaka mzima.

Alipogeuka alikuwa mpole kama kawaida, na huo upole ndio ulionikata maini.

“Bi Mwanasiti. Hiki ulichonipa ni nini?”

“Ni tangawizi, Maalim.”

“Tangawizi gani inayopanda kichwani?”

Nami nilikuwa nimeishiwa majibu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ndipo sauti moja ikatoka nyuma, wala sijui ya nani, na nikimjua tutaonana.

“Si mumwite Mwakombo? Yeye ndiye anayejua mambo haya.”

Kumbe Mwakombo alikuwa amekuja kununua kiberiti, amesimama nje kwa adabu zake, hataki kuingia na kibuyu kwenye duka la watu. Wakamwita. Akaweka kibuyu chini, akanawa mikono. Akaishika chupa yangu kama daktari anavyoshika mtoto. Akanusa. Akaitikisa kidogo, akanusa tena. Akadondosha tone kwenye kiganja, akalamba, akafumba macho.

Alikaa amefumba macho muda mrefu, wenzangu. Ningeweza kusuka ukili wa mkeka mzima.

“Imeiva,” akasema.

Baraza likavuta pumzi.

“Imeiva sawasawa. Bi Mwanasiti, wallahi, mimi na minazi yangu yote sijapata ukali huu hata siku moja.” Akanitazama kwa heshima ya kweli, na hiyo heshima ndiyo iliyonimaliza. “Na leseni ya kugema umepata lini, mama?”

Basi! Nani hakucheka? Walicheka waliokaa, walicheka waliosimama, yule wa chini ya benchi alichekea huko huko chini. Mimi! Mimi niliyekwenda kwa chifu! Mimi ninayeziba pua nikipita minazini! Nimempa Maalim Rashidi tembo, mchana wa Ijumaa, kwa mkono wangu, na hotuba juu!

Na zile chupa zilizobaki rafuni zikachagua wakati huo huo. PAA! Ya kwanza. PAA! Ya pili. Halafu zote, moja ikiamsha nyingine. Vizibo vinapiga mabati, povu linashuka rafuni kwenye sabuni, kwenye mafuta ya nywele, kwenye kichwa cha Mzee Kassim. Wanaume wazima walitoka dukani mle wameshika kanzu zao juu ya magoti. Bi Mwanasiti wa Msambweni, amevaa leso mpya, amesimama peke yake katikati ya duka, ananuka kama kilabu cha pombe.

Nilitafuta pa kujificha. Chini ya kaunta palikuwa na nafasi, nilipaona. Nilipima kwa macho.

Lakini sikuingia. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize, maana hapo hakuna wa kunicheka. Nilivuta leso, nikajifunga vizuri, nikatoka barazani mbele yao wote.

“Mabwana,” nikasema, “chupa hizi ni zangu na uharibifu huu ni wangu. Duka nitalifuta mimi. Kanzu ya Maalim nitaifua mimi. Nilitia sukari, sikuchemsha, nikaiacha chumvi, nikaziweka juani kwa kutaka sifa. Lakini dawa ya mama yangu msiitukane, maana hii siyo. Ya mama yangu ipo nyumbani, tena ni ya kabla ya masika. Ningojeni.”

“Bi Mwanasiti,” akasema Mzee Kassim huku anajipangusa masikio, “inatosha.”

“Haitoshi,” nikamwambia, nikashika njia.

Wenzangu, na mwili wangu huu, nilikimbia. Nimefika nyumbani, Omari bado yuko pale pale.

“Umeshinda?”

“Nipe kanzu yako.”

“Ya nini?”

“Nipe kanzu yako, Omari!”

Akanipa. Nikaingia kwenye pembe ile ya giza nyuma ya mtungi, pale ambapo sakafu haipati joto, nikatoa chupa moja ya zamani. Hiyo nilikuwa sijaigusa tangu siku nilipoanza kugundua mambo. Nikaitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Safi. Haina tope, haina jasho, haisemi kitu. Nikaibusu. (Omari aliona. Hakuuliza.)

Niliporudi dukani nilidhani nitawakuta wamepungua. Walikuwa wameongezeka! Habari ilikuwa imefika mpaka mwisho wa kijiji. Maalim amekaa benchini na kanzu iliyoganda, amefumba macho, nyuki mmoja anamtembelea begani.

Nikaishika chupa. Watu wote wakarudi nyuma. Mzee Kassim alijikinga kwa sinia. Nikavuta kizibo.

Hakuna. Haikusema hata “tss.” Harufu ya karafuu ikatoka, basi.

Nikammiminia Maalim. Akakitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

“Tangulia wewe,” akasema.

Haki yake. Nikasukutua mbele ya umati, nikatema mchangani, nikafungua kinywa wakione. Hata hapo Maalim hakuridhika. Akamwashiria Mwakombo. Mwakombo akanawa tena, akanusa, akalamba, akafumba macho. Nimempigia mtu huyu makelele tangu nilipoolewa, na sasa jina la mama yangu limo kinywani mwake.

Akafungua macho. Uso wake ulikuwa wa huzuni.

“Hii haina kitu,” akasema. “Imelala. Hata ukiiweka mwaka mzima, mama, haitamfurahisha mtu yeyote.”

Sijapata kusifiwa hivyo maishani mwangu!

Ndipo Maalim akasukutua. Ilimchoma, nilimwona ikimchoma, machozi yakamlenga. Akatema. Akangoja. Akasukutua tena. Akabonyeza shavu kwa kidole, taratibu. Kisha akaanza kujaribu herufi zake pale pale barazani, kwanza zile nyepesi, halafu zile za kooni, mpaka akafika kwenye dhadi, ngumu kuliko zote. Dhadi ikatoka safi kama anasomesha.

“Alhamdulillahi,” akasema. Na baraza zima likaitikia, wenzangu, kwa ajili ya dawa yangu.

Gari la Diani likapiga honi. Hapo tukakumbuka kanzu. Maalim akaingia nyuma ya duka, akatoka amevaa ya Omari. Sasa, Omari wangu nampenda, lakini Mungu hakumpa urefu. Kanzu ilimfika Maalim katikati ya muundi. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akatembea mpaka garini kama amevaa joho, akageuka, akaniambia, “Nitakuletea kesho. Na chupa hiyo naichukua.”

Akaenda nayo! Maalim Rashidi amepanda gari na dawa yangu mkononi, watu wakiona!

Nimefuta duka. Nimesugua rafu zote, nimepangusa sabuni moja moja, nimeinama mpaka kiuno kikalia. Mzee Kassim alinitazama, halafu akasema.

“Ile ya zamani nitaichukua.”

“Utaichukua?”

“Nitaichukua. Lakini itakaa chini, kwenye giza, nyuma ya mchele.”

“Itakaa utakapotaka.”

“Na sukari, Bi Mwanasiti, niachie niuze mimi.”

Nikamwambia sawa. Mimi! Nilisema sawa, na mdomo wangu ukafungika bila kuongeza neno. Nilipotoka, Mwakombo akanifuata mpaka kwenye mwembe wa njia panda.

“Mama, samahani. Ile sukari guru ulitia bonge la ukubwa gani?”

Nilimtazama tu, mpaka akaaga mwenyewe.

Haya, hayo ndiyo yaliyonipata. Kanzu ya Maalim ile pale kambani, nimeifua na kuirudia na bado nyuki wanaizunguka. Chekeni basi, nawaona mnavyojibana, Mama Saidi utapasuka. Mkimaliza mniletee tangawizi, karafuu na chumvi, kesho nawasha moto, nina duka la kulisha. Dawa ya kinywa ninayo, tena haiharibiki. Ya mdomo wangu huu ndiyo sijaipata bado.